Upande wa Saruji

Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani,
duka la mlango mmoja: hapa tunachonga majina.
Ya makaburi asubuhi, kabla jua halijakaza.
Ya waheshimiwa saa yoyote, maana wao hawasubiri.

Jana karani wa halmashauri kaleta jiwe kwa mkokoteni,
marumaru nyeupe, kona moja imemeguka,
na karatasi yenye mhuri:
*Futa la zamani. Andika hili. Ijumaa uzinduzi.*
Nikauliza malipo.
Akasema yako kwenye mchakato.

Mwajabu, kidato cha pili, kakalia ndoo iliyopinduliwa,
ananisomea Misri kwa sauti ya mtihani.
Wafalme waliandika kwenye kuta, kwenye nguzo,
kwenye majabali ya mpakani;
jina la mfalme likazungushiwa kamba, fundo mwishoni,
lisije likatoroka.
Mfalme kachorwa mrefu kama mnazi,
adui zake wadogo, fungu la dagaa,
kawashika nywele wote kwa mkono mmoja.

"Na wakulima walijua kusoma?"
"Hapana, mama. Wachache mno."
"Basi barua ile ilikuwa ya nani?"

Akapekua, akalamba kidole, akapekua.
Ya miungu. Na ya watakaokuja.
Na mkulima akipita na punda wake
aliuona ukubwa wa ule mguu, ukamtosha.

Hapo nikaelewa.
Mwanashuru muuza mbaazi hajui a wala be,
ila akiona kipazia cha satini ukutani, na kamba ya kuvutia,
anajua leo kuna mkubwa;
anaweka sinia chini, anapiga makofi.
Bomba likifunguliwa likakohoa upepo,
jiwe halikohoi.

(Huku kwetu ukimwita mtu firauni mtafikishana kwa balozi.
Kwao kilikuwa cheo.)

Mwajabu kafika kwa waliofutana.
Mfalme mpya akiingia, nyundo zinaingia naye;
linakwanguliwa jina la aliyetangulia, linakaa lake,
kiwiliwili kile kile, ushindi ule ule.
Mmoja akaagiza achongewe kwa kina,
herufi imeze kiganja,
ili ajaye achoke.

Nami nimeshika tindo. Namfuta mheshimiwa wa mwaka juzi.
Vumbi lake jeupe kama unga wa muhogo,
limenijaa kwenye nyusi.
Kilichonisumbua ni ile M ya mwanzo:
fundi aliyeichonga, simjui,
alikuwa na hasira siku ile. Imezama.

Nikaligeuza jiwe, nitafute uso mtupu.
Huko nako kuna mtu.
*Mkurugenzi wa Maendeleo wa Mkoa, 1974*,
kwa mkono wa baba:
naijua R yake, inavyotupa mguu mbele
kama askari wa gwaride.

Nyumba imejaa mbele na nyuma.

Nikalisimamisha, nilipime unene,
na kwenye ubavu, pale panapomezwa na saruji,
pana mstari mwembamba, njia ya sisimizi:
SHEKUE KACHONGA. SIJALIPWA.

Mwajabu kacheka hadi kitabu kikamwanguka.
Kisha akakiokota, akatafuta, akanionyesha:
mafundi wa makaburi ya wafalme, Misri hiyo hiyo,
nafaka ya posho ilipochelewa
waliweka zana chini, wakaenda kukaa nyuma ya hekalu.
Hilo halikuchongwa ukutani.
Karani mmoja kaliandika kwenye karatasi ya matete,
nayo, ajabu, haikuoza.

Sikujibu kitu. Nilikuwa nanoa.

Jina jipya nimelimaliza Alhamisi, usiku,
umeme umekatika, Mwajabu kanishikia tochi ya simu.
Herufi zimesimama sawa, nimezipaka rangi ya dhahabu,
kesho kitambaa kitavutwa na zitang'aa.

Halafu nikalilaza jiwe ubavu.
Nikachukua tindo ndogo kuliko zote, ya baba,
na chini ya mstari wake nikagonga taratibu,
majirani wasiamke:

BINTIYE PIA.